Faili la Mradi Limepotea: Majina ya Swichi Yabadilishwe Vipi?

Nyumba hubadilika upesi kuliko swichi zake. Chumba cha mtoto kimegeuka ofisi, stoo imekuwa chumba cha bibi aliyehamia mjini, baraza imezibwa kwa vioo ikawa sebule ya pili, lakini vitufe vya ukutani bado vinasema "Mtoto", "Stoo", "Nje". Kwenye nyumba ya umeme wa kawaida jambo hili halisumbui, maana swichi zake hazina maandishi na mkono huzoea. Kwenye nyumba iliyofungwa mfumo wa kujiendesha mambo ni mengine. Kibao kimoja kinaweza kuwa na vitufe 4 au 8 vinavyofanana kama punje za mtama: kimoja cha taa, kingine cha mapazia, kingine cha kiyoyozi, kingine cha kuzima kila kitu watu wakienda kulala. Hapo jina ndilo linalobeba kazi yote. Mwenye nyumba humwita fundi mpya abadilishe majina, na fundi huuliza swali moja tu: faili la mradi liko wapi? Halipo. Aliyefunga mfumo amehama, au kampuni yake imefungwa, au nyumba imenunuliwa kwa mtu ambaye hakuwahi kusikia habari za faili. Basi fundi hushauri swichi zote ziprogramiwe upya. Ushauri huo, kwa nyumba nyingi, naona ni wa kumchinja ng'ombe kwa sababu ya kupe. Kubadilisha jina ni kazi ya juu ya swichi, si ya ndani yake, na anayeikumbuka tofauti hiyo anaweza kufanya karibu kila kitu bila lile faili.

Tuchukue mfumo wa KNX, ambao umeenea Ulaya na katika majumba ya nchi za Ghuba, na unapatikana pia kwenye hoteli, ofisi na nyumba za wenye uwezo hapa Afrika Mashariki. Chanzo chake ni Ulaya. Chama cha EIB kilianzishwa mwaka 1990, na mwaka 1999 kikaungana na vyama vya BatiBUS na EHS ikazaliwa jumuiya ya KNX. Leo KNX ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 14543-3, na vifaa vyake hutengenezwa na viwanda vingi vinavyoelewana. Ukutani hupita kebo, mara nyingi ya kijani, yenye waya mwekundu na mweusi unaobeba volti 30 hivi za DC. Ukibonyeza kitufe, swichi haikati umeme wa taa. Hutuma ujumbe mfupi kwenye kebo hiyo, na relei iliyoko kwenye bodi ya umeme ndiyo inayokata au kuunga. Ujumbe husafiri kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, mwendo wa kobe kwa aliyezoea intaneti, ila kwa taa na mapazia unatosha kabisa. Fundi hupanga yote haya kwa programu iitwayo ETS, na kazi yake huhifadhiwa kwenye faili lenye mwisho wa .knxproj. Hilo ndilo linalotafutwa.

Sasa, ndani ya swichi yenyewe kuna nini? Kuna anwani yake, namba tatu zenye nukta katikati, kama 1.1.23. Kuna anwani za makundi, namba zenye mkwaju, kama 1/0/5, zinazoiambia swichi ujumbe wa kila kitufe uelekezwe wapi. Na kuna mipangilio: kitufe hiki kikibonyezwa mara moja kiwashe, kikishikiliwa kipunguze mwanga, kitaa chake kidogo kiwe chekundu au kijani. Yale majina ambayo fundi aliyaandika alipokuwa akipanga, "Taa ya sebule" au "Pazia la chumba kikuu", hayamo. Ndani ya kebo hakuna sebule wala jikoni. Kuna 1/0/5 na 1/0/6. Majina ya makundi huishi kwenye faili la mradi peke yake, na faili likipotea, nyumba inaendelea kufanya kazi bila kujua inaitwaje. Maandishi yanayosomwa na mtu kwenye kitufe ni kitu cha tatu kabisa: mara nyingi ni karatasi, au maneno yaliyochongwa kwenye plastiki, na swichi haina habari nayo. Kitufe kilichoandikwa "Mtoto" kitawasha taa ileile hata kikiandikwa "Ofisi".

Hatari ya kuprogramu upya hutokana na hapo. ETS haisomi swichi kisha ikaongeza neno moja kama mtu anayesahihisha barua. Huandika kwenye swichi kile kilichomo kwenye mradi uliofunguliwa kwenye kompyuta. Fundi akifungua mradi mpya, akaiweka swichi yako humo, akabadilisha jina moja linaloonyeshwa kwenye kioo cha swichi na kupakia, swichi itapokea na mipangilio mingine yote kama ilivyo kwenye mradi ule mpya, yaani ile ya kiwandani, na jedwali la anwani za makundi litafutwa na kuandikwa lile la mradi mpya, ambalo halina kitu. Jina litakuwa sahihi, na kitufe hakitawasha chochote. Mbaya zaidi, hakuna aliyejua kitufe cha saba kilikuwa kinaendesha nini, kwa hiyo hata kurudisha hali ya zamani kunakuwa kubahatisha. Fundi anayekwambia "nitabadilisha maandishi tu, sitagusa kingine" huenda anasema kwa nia njema. Muulize: unapakia kutoka mradi upi? Kama jibu ni mradi mpya, simamisha kazi.

Wapo watakaosema kwamba swichi inaweza kusomwa, mradi ukajengwa upya kutoka ukutani. Wana hoja, lakini nusu. ETS inaweza kusoma anwani ya kifaa, aina yake, na orodha ya anwani za makundi zilizounganishwa nacho. Zipo pia programu nyongeza za kulipia zinazojaribu kuunda mradi upya kwa kusoma kifaa kimoja kimoja. Lakini kusoma mipangilio kwa uhakika kunahitaji data ya bidhaa ileile, ya toleo lilelile ambalo fundi wa kwanza alilitumia, na kwa vifaa vya miaka mingi data hiyo wakati mwingine haipatikani tena kirahisi. Na hata kazi ikifanikiwa vizuri kabisa, utapata mifupa: namba, na namba, na namba. Majina bado itabidi yatafutwe kwa miguu, chumba kwa chumba. Kwa maana hiyo anayetaka kujenga mradi upya na anayetaka kubadilisha majina tu wote wanaanza na kazi moja, ya kujua kila kitufe kinafanya nini. Ianze hiyo, gharama nyingine zije baadaye kama zitahitajika.

Kabla ya kuanza, lisakwe kwanza faili lenyewe, maana watu hukata tamaa mapema. Mwandikie aliyefunga mfumo, hata kama mliachana kwa maneno makali. Mafundi wengi huweka nakala za kazi zao zote kwa miaka. Tazama barua pepe za wakati wa ujenzi, diski za USB zilizotupwa ndani ya bodi ya umeme au kwenye bahasha ya michoro, kompyuta ya mkandarasi wa umeme na ya msimamizi wa mradi. Kama nyumba ina skrini ya ukutani au kifaa cha kuendesha mfumo kwa simu, tazama humo: aliyekipanga alilazimika kuandika majina ili yaonekane kwenye skrini, na baadhi ya vifaa hivyo hupokea orodha ya anwani pamoja na majina yake moja kwa moja kutoka ETS. Nimesema majina hayamo kwenye kebo. Mara nyingi yamo kwenye skrini hiyo, na yanasahaulika hapo. Fungua pia mlango wa bodi ya umeme. Fundi mwadilifu huandika kwa kalamu chini ya kila relei, na maandishi hayo ya mkono, hata yakiwa ya vifupisho, ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Kuangalia tu kunatosha: ndani ya bodi mna volti 230 au 240, na hapo pa kugusa ni pa fundi umeme aliyesajiliwa.

Ikiwa yote hayo yameshindikana, isikilizwe nyumba yenyewe. Fundi akiunga kompyuta kwenye kebo kwa kifaa cha USB au cha IP, ETS inaweza kuonyesha kila ujumbe unaopita bila kubadilisha chochote. Mtu mmoja anakaa na kompyuta, mwingine anatembea akibonyeza. Kila mbonyezo unaleta mstari: ujumbe umetoka 1.1.23, unakwenda 1/0/5, thamani ni 1. Anayetembea anasema alichokiona: "Taa mbili za dari, upande wa dirisha." Mwenzake anaandika. Ni kazi ya kuchosha lakini haina hatari, na nyumba ya vyumba vinne haimalizi siku. Yapo mambo ya kuangalia. Bonyeza kila kitufe kwa namna mbili, kugusa na kushikilia, kwa sababu kitufe kimoja huweza kuwa na kazi mbili na lebo ya zamani ikataja moja tu. Kwa mapazia ya umeme, thamani 0 ni kupanda na 1 ni kushuka, kinyume na wanavyodhani wengi. Kwa vitufe vinavyoita mandhari, kama "chakula cha jioni" au "sinema", namba inayosafiri huanzia 0 hadi 63 wakati programu huzihesabu kuanzia 1 hadi 64, kwa hiyo aliyeona 0 asiandike kwamba kitufe hakina kazi: ameona mandhari ya kwanza. Na yapo makundi yanayofanya kazi usiku peke yake au jua likizama. Kitufe kinachotuma ujumbe bila kuonekana matokeo mchana kirudiwe baada ya magharibi kabla hakijapewa jina la "hakitumiki".

Orodha hiyo ikipatikana, ndipo tunarudi kwenye lebo, na hapa kila kitu kinategemea aina ya swichi. Iliyo rahisi kuliko zote ni ile yenye kidirisha cha plastiki angavu na ukanda wa karatasi nyuma yake. Kifuniko huchomoka kwa ukucha au bisibisi bapa, karatasi hutoka, mpya huingia, na kompyuta haihusiki hata kidogo. Viwanda vingi hutoa kiolezo cha vipimo vya ukanda huo. Kama hakipatikani, pima wa zamani kwa milimita na ukate sawa nao. Chapisha kwa mashine ya leza, si ya wino, kwa kuwa wino hufifia kwenye mwanga wa dirisha na huchuruzika mikono yenye maji ikigusa swichi ya jikoni. Vifuniko vingine hushikwa na skrubu ndogo ya kuzuia wizi. Kikigoma usikivute kwa nguvu, tafuta skrubu. Aina ya pili ni vitufe vilivyochongwa au kuchapwa kiwandani. Hapo karatasi haina nafasi, lakini mara nyingi kofia ya kitufe ni kipande kinachojitegemea: huagizwa kwa namba ya bidhaa ikiwa imechongwa maneno mapya, ikapachikwa juu ya swichi ileile bila kuprogramu chochote. Lutron ya Marekani, ambayo si KNX, imezoeza wateja wake utaratibu wa vitufe vya kuchongwa, na mwenye nyumba hana sababu ya kuuonea haya.

Aina ya tatu ndiyo yenye taabu: swichi zenye kioo kinachoonyesha maandishi. Humo jina kweli limeandikwa ndani ya kifaa, na njia ya kawaida ya kulibadilisha ni kupakia upya kwa ETS, pamoja na hatari zake zote. Hata hivyo kuna mlango wa pembeni. Baadhi ya swichi hizi hupokea maandishi kama ujumbe, kwenye aina ya data ya baiti 14, na kama fundi wa kwanza aliunganisha anwani ya kundi kwa ajili hiyo, maneno mapya yanaweza kutumwa kupitia kebo bila kugusa mipangilio. Orodha ya anwani iliyosomwa kutoka kwenye swichi itampa fundi pa kuanzia. Kama njia hiyo haipo, chaguo la haki ni kujenga upya mradi wa swichi hiyo moja, kwa kutumia orodha mliyoiandika, na kuipakia hiyo peke yake, huku nyingine zikiachwa. Swichi moja ikikosewa hurekebishwa. Swichi thelathini zikikosewa kwa mpigo, hapana.

Hizo baiti 14 ni herufi 14, nafasi zikiwemo, na hapa Kiswahili kina bahati na kina mtihani. Bahati ni kwamba herufi zetu zote, hata ng' yenye alama yake, zimo kwenye seti ya msingi ya ASCII, hivyo hakuna kioo kitakachotuonyesha visanduku vitupu. Mtihani ni urefu. "Taa ya sebuleni" ina herufi 15, imezidi moja. "Taa sebuleni" ina 12, inaingia. "Feni ya barazani" ni 16, "Feni barazani" ni 13. "Zima taa zote" inaingia kwa 13. Kile kiunganishi "ya" ambacho mwalimu wa sarufi angekililia ndicho cha kwanza kuondoka, na hakuna atakayepotea njia kwa kukikosa. Kanuni ninayoipendekeza ni kutaja kitu kwanza kisha mahali, "Taa", "Feni", "Pazia", halafu chumba, na kutumia mpangilio huo nyumba nzima. Chumba kiitwe kwa mahali kilipo kuliko kwa mtu anayelala humo. "Juu kushoto" itadumu, "Amina" ataolewa ahame. Na lugha iwe ya wale wanaobonyeza. Nyumba nyingi zina lebo za Kiingereza, nyingine hata za Kijerumani zilizokuja na swichi, huku wanaoshinda nyumbani mchana kutwa ni bibi, watoto na dada wa kazi. Mwenye nyumba ambaye hurudi saa mbili usiku siye mtumiaji mkuu wa swichi zake.

Kuna pingamizi la umaridadi: mtu ametumia fedha nyingi kwa swichi za kioo, leo aambiwe abandike karatasi? Swichi isiyo na kidirisha haifai kubandikwa, hilo nakubali, na utepe wa lebo juu ya kioo huchakaa vibaya. Lakini katika kipindi cha mpito, wakati kofia mpya zimeagizwa au mradi unajengwa, utepe mwembamba ni afadhali kuliko jina la uongo. Wengine hupendekeza namba, 1 hadi 8, na orodha iliyotundikwa ukutani. Sioni faida yake. Namba humhamishia mgeni kazi ya kukariri, na orodha hupotea kabla ya faili. Namba inafaa mahali pamoja tu: nyuma ya kifuniko, pasipoonekana, andika anwani ya swichi, ile 1.1.23, ili fundi ajaye asianze upya.

Si kweli pia kwamba kuprogramu upya hakufai kamwe. Kwenye fleti yenye vifaa vichache, ambako matengenezo makubwa yanafanyika hata hivyo, kuanza mradi mpya ni uamuzi mzuri kuliko kuendelea kuokota vipande. Sharti ni kwamba orodha ya kazi za vitufe iwe imekamilika kwanza, na fundi athibitishe vifaa havikufungwa. Vifaa vya KNX vinaweza kuwekewa ufunguo unaozuia kupakia, na usipoujua, mara nyingi ni kiwanda tu kinachoweza kukifungua kifaa. Vile vya kizazi kipya, vyenye ulinzi wa KNX Secure, kila kimoja huja na kibandiko chenye ufunguo wake na msimbo wa QR. Fundi hukibandua na kukihifadhi wakati wa kazi. Kama hukukabidhiwa mradi uliohifadhi funguo hizo, kifaa kitalazimika kurudishwa hali ya kiwandani ndipo kipangwe upya, na bila kibandiko chake hakiwezi kupangwa kwa ulinzi huo.

Wenye swichi za bei nafuu za Wi-Fi zinazouzwa Kariakoo na mitaani Nairobi wasidhani habari hii haiwahusu. Huko hakuna faili, kuna akaunti, na fundi aliyefunga mara nyingi hutumia barua pepe au namba yake mwenyewe kuisajili. Majina ya swichi yamo kwenye akaunti hiyo. Dakika kumi za kuihamishia kwako akaunti wakati fundi bado yupo mlangoni zitakuokoa kusajili upya kila swichi baadaye.

Kwa wenye mfumo wa kebo, kiwango kiko wazi kwa wote, na fundi yeyote mwenye ETS anaweza kupokea kazi ya mwenzake, ila faili haliji lenyewe. Katika mkataba wa kujenga au kukarabati liandikwe kwa jina: faili la .knxproj la toleo la mwisho, nywila yake kama limefungwa kwa nywila, funguo za vifaa, na orodha ya vitufe iliyochapishwa. Fundi akishakabidhi, mwite mwingine alifungue kwenye kompyuta yake ahakikishe linafunguka na majina yamo, ndipo umlipe wa kwanza sehemu ya mwisho ya fedha zake.